Uzi: Miaka 6 ya kuishi kwa blogu pekee, na hesabu ambazo nilizikosea

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari zenu.

Kila mara swali la kuishi kwa blogu linapoletwa jamvini, majibu huja ya namna mbili. Wapo wanaosema kwamba ni kazi ya kulala na kuamka umelipwa, na wapo wanaosema kwamba blogu zilikwisha kufa na anayeendelea nazo anajidanganya mwenyewe. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka 6 bila kazi nyingine pembeni, na hali yangu haifanani na inayosimuliwa na kundi lolote kati ya hayo mawili. Nitaandika kwa kirefu, hivyo mwenye haraka apite na kurudi baadaye.

Blogu yangu inahusu utengenezaji wa baiskeli: jinsi ya kubadilisha mnyororo, kunyoosha rimu iliyopinda, kurekebisha breki zinazopiga kelele, kutambua spana ya kununua na ya kuacha. Niliiandika kwa miaka 4 usiku na siku za mapumziko nikiwa bado nimeajiriwa. Mapato yake yalipoufikia mshahara wangu na kukaa hapo kwa miezi 9 mfululizo, niliandika barua ya kuacha kazi, nikiamini kwamba miezi 9 ni ushahidi unaotosha. Haukutosha, na sababu yake ni ya kijinga kiasi kwamba mpaka leo naona haya kuieleza.

Sehemu kubwa ya mapato yangu wakati huo ilitokana na matangazo yanayopangwa kwa mitambo. Nafasi ya tangazo katika ukurasa huuzwa kwa mnada unaokamilika kabla hujapepesa jicho, kila msomaji anapofungua ukurasa huo. Kwa hiyo nafasi ileile, mbele ya msomaji yuleyule, inaweza kuwa na thamani tofauti kabisa leo na kesho, kulingana na idadi ya kampuni zinazoigombea. Kampuni nyingi humwaga bajeti zao za mwaka katika miezi mitatu ya mwisho, kisha ifikapo Januari hukunja mkono. Miezi yangu 9 ilianza Aprili ikaishia Desemba. Maana yake ni kwamba niliupima mwaka baada ya kuukata kipande chake kibaya zaidi, halafu nikaingia katika kipande hichohicho nikiwa sina mshahara. Januari hiyo wasomaji hawakupungua hata kidogo, lakini mapato yalishuka chini ya nusu ya yale ya Desemba.

Juu ya hapo kuna kuchelewa kwa malipo. Zipo kampuni za matangazo zinazolipa katika mwezi unaofuata, na zipo zinazolipa siku 65 baada ya mwezi kwisha, kwa kuwa nazo husubiri kulipwa na watangazaji. Ukiwa na mshahara, hilo hulioni, kwa sababu fedha za blogu ni za ziada tu na zikifika zimefika. Nilipoacha kazi ndipo nilipotambua kwamba mwezi Aprili nilikuwa nikiishi kwa fedha za Januari, ule mwezi mbaya kuliko yote, ilhali matumizi yangu yalikuwa ya Aprili. Nililazimika kukopa kwa ndugu. Sikupata hasara ya biashara yoyote, ila kalenda ilinishinda.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe. Nilipokuwa nikiota ndoto hii nilijiona mezani nikiandika kuanzia asubuhi hadi jioni. Baada ya mwaka mmoja niliamua kuandika katika daftari saa zangu zote za wiki nne, na nikakuta kwamba kuandika kunachukua theluthi moja tu ya muda wangu. Muda uliobaki nilikuwa mpiga picha, mhasibu, mdai madeni, karani wa kujibu barua pepe, fundi wa tovuti, na mkaguzi wa makala za zamani ambazo viungo vyake vimekufa au vipuri vinavyotajwa humo havitengenezwi tena. Hiyo kazi ya mwisho haisemwi na mtu yeyote anayeuza kozi za kublogu. Makala 400 zinahitaji matunzo kama shamba la miti ya matunda, na usipozipitia, baada ya miaka miwili zinaanza kumdanganya msomaji bila wewe kukusudia.

Siku moja nilisasisha programu-jalizi, yaani kiongezo kidogo cha tovuti, jioni, nikaenda kulala, na asubuhi tovuti nzima ikawa ukurasa mweupe. Nakala rudufu nilikuwa nayo, ila niliihifadhi katika seva ileile iliyoharibika. Makala nyingi nilizipata kwa kuokoteza kutoka katika kompyuta yangu, lakini maoni ya wasomaji ya miaka mitatu yalipotea, na katika fani yangu maoni yalikuwa na thamani kuliko makala, kwa sababu mafundi waliobobea ndio waliokuwa wakinisahihisha humo.

Mazuri yapo, tena makubwa. Makala niliyoiandika nikiwa bado kazini kuhusu kelele zinazotoka kwenye mhimili wa pedeli bado inanilipa kila mwezi, na sijui ajira nyingine ambayo kazi ya siku mbili inaendelea kulipa kwa miaka 8. Ninapanga siku yangu mwenyewe. Zaidi ya yote, nimepata ruhusa ya kuchimba jambo hadi mwisho wake. Mwaka wangu wa tatu nilitumia wiki tatu kukifungua kitovu cha gurudumu chenye gia tatu za ndani, cha Sturmey-Archer, kampuni iliyoanzishwa Nottingham mwaka 1902, nikapiga picha kila kipande na kuchora jinsi vijino vinavyoshikana. Hakuna bosi ambaye angekubali kunilipa kwa kazi hiyo. Ilisomwa na watu wachache mno, na nitaeleza baadaye kwa nini hao wachache ndio walioniokoa.

Ila uhuru huo una mlango wa nyuma. Mtu anayeandika kwa mapenzi hujiuliza, "Nina nini cha kusema?" Anayeishi kwa maandishi yake hufungua takwimu kwanza. Kufikia mwaka wangu wa pili nilikuwa nimeandika makala 11 zinazojibu karibu swali moja kwa maneno tofauti, kwa kuwa watu walilitafuta sana swali hilo, na siku nilipozisoma zote kwa mfululizo nilijihisi kama muuza maji anayeyajaza mapipa yote kutoka katika bomba moja.

Nakaribisha maswali na mabishano.

#2 – Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa kuandika bila kujipamba, lakini naona umeacha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Wewe ulijenga jina wakati injini za utafutaji zilikuwa zikiwaelekeza watu kwenye tovuti. Leo mtu akiuliza swali, jibu linaandikwa na mashine palepale juu ya ukurasa, wala hana haja ya kubofya. Mimi nilikuwa na blogu ya masuala ya kompyuta, na katika mwaka mmoja nilipoteza zaidi ya nusu ya wasomaji bila kubadilisha chochote. Je, huoni kwamba kumshawishi kijana kuingia katika kazi hii kwa sasa ni kumpandisha gari lisilo na breki?

#3 – Mleta mada

Mkuu, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Nakubaliana na nusu yake.

Nichukue mfano wa kwangu. Swali linaloulizwa sana kuhusu baiskeli ni lini mnyororo ubadilishwe. Jibu lake ni fupi: mnyororo ukirefuka kwa takriban asilimia 0.75 kwa baiskeli zenye gia 10 nyuma au pungufu, na asilimia 0.5 kwa zile zenye gia 11 au zaidi, uutoe kabla haujayala meno ya gia. Nilikuwa na makala ya maneno 1,800 iliyolizungukia jibu hilo, na ndiyo iliyoongoza kwa mapato. Leo mashine inalitoa jibu hilo kwa sentensi moja, na makala yangu imebaki na wasomaji wachache sana. Inaniuma, lakini nikijiuliza kama fundi, msomaji alihitaji sentensi moja. Yale maneno mengine 1,790 niliyaweka ili tangazo lipate mahali pa kukaa, na yeye aliyavumilia kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Nusu nisiyokubaliana nayo ni kwamba hili limeanza leo. Kazi hii imekuwa ikijengwa juu ya ardhi ya watu wengine tangu mwanzo. Google ilizindua AdSense, huduma yake ya kuweka matangazo kwenye tovuti za watu, mwaka 2003, na huo ndio mlango ambao wanablogu wengi wadogo walipitia hadi kupata kipato bila kutafuta mtangazaji wenyewe. Kampuni hiyohiyo ilipobadilisha upangaji wa matokeo ya utafutaji mwezi Februari 2011, katika badiliko lililokuja kuitwa Panda, ilitangaza kwamba karibu asilimia 12 ya utafutaji wa Marekani ungeguswa, na kuna tovuti zilizoanguka katika wiki moja. Tarehe 1 Julai 2013 ilifunga huduma yake ya Reader, ambayo kwa wasomaji wengi ndiyo ilikuwa njia ya kufuatilia blogu bila kupitia injini ya utafutaji. Mwezi Aprili 2020 duka la mtandaoni la Amazon lilipunguza kamisheni kwa wanaoelekeza wanunuzi kwake; ya samani ikatoka asilimia 8 hadi 3, ya vyakula ikatoka 5 hadi 1. Aliyekuwa akiishi kwa kuandika juu ya vitanda na makabati aliamka na kukuta mapato yake yamekatwa kwa zaidi ya nusu, na hakuwa na wa kumlalamikia, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa wala mbia.

Kwa hiyo nikiulizwa kasoro kubwa ya kazi hii ni ipi, sitaji akili mnemba. Nataja hali ya kutokuwa na mwajiri lakini kuwa na mabwana watatu au wanne ambao hawakujui kwa jina, kila mmoja akiweza kubadilisha masharti usiku mmoja. Mwajiri wangu wa zamani alikuwa na kero zake, lakini asingeweza kunipunguzia mshahara kwa nusu bila kunitazama usoni.

Hapo ndipo kile kitovu cha gia tatu kinapoingia. Makala ile haikuletewa wasomaji na injini yoyote. Ilisambazwa na watu waliotumiana wao kwa wao, na wengi kati yao walijiandikisha kupokea jarida langu la barua pepe. Miaka miwili baadaye, nilipoomba wanaoweza wachangie kila mwezi, karibu robo ya waliokubali mwanzo walikuwa wamenifikia kupitia makala hiyo moja ambayo takwimu zangu ziliihesabu kuwa imeshindwa. Hao hawapotei algoriti inapobadilika, kwa sababu anwani zao ninazo mimi. Leo zaidi ya nusu ya kipato changu kinatoka kwao, na matangazo nimeyapunguza hadi moja kwa ukurasa.

#4 – Mchangiaji wa pili

Mleta mada, mimi ni mama na ninaishi kwa blogu mwaka wa nane sasa. Nimefurahi umeyasema ya kalenda, maana na mimi iliwahi kunichapa. Lakini ninyi wa baiskeli mna bahati ambayo pengine hamuijui, nayo ni kwamba mnyororo hauna hisia. Blogu yangu ilikuwa ya malezi, na malighafi yake ilikuwa nyumba yangu.

Mwanzoni kila kitu kilikuwa kitamu. Mtoto akikataa kulala, niliandika; akijifunza kusema neno jipya, niliandika. Wazazi wenzangu walinijibu kwa mamia, nikahisi kwamba sipo peke yangu. Kampuni zikaanza kunitafuta, nikaacha kazi. Baada ya hapo ukaja mkataba ulioeleza kwa maandishi kwamba picha ziwe nne na mtoto aonekane akitabasamu katika angalau mbili. Nikajikuta nikimwambia mtoto mwenye mafua atabasamu. Sitaisahau siku ile, na sidhani kwamba na yeye ameisahau.

Aliyepita njia hii kabla yetu wote ni Heather Armstrong wa Marekani. Alianza blogu yake ya Dooce mwaka 2001, akafukuzwa kazi mwaka 2002 kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu kazini kwake, kisha akawa miongoni mwa wa kwanza kuilisha familia kwa matangazo ya blogu inayosimulia maisha ya nyumbani. Mwaka 2015 alijiondoa katika kublogu kwa kutwa nzima, akieleza jinsi makala za kudhaminiwa zilivyomsukuma kuwatia watoto wake katika matangazo. Alikuwa ameandika kwa uwazi juu ya sonona aliyopambana nayo, na alifariki mwaka 2023. Sisemi kwamba blogu ndiyo iliyomuua. Hilo ni jambo ambalo hakuna mgeni mwenye haki ya kulisema. Ninachosema ni kwamba nilipoisoma habari yake ya mwaka 2015 niliona mkataba wangu wa picha nne.

Mwanangu alipofika miaka 11 aliniuliza kama ile habari ya yeye kujikojolea safarini inaweza kufutwa, kwa kuwa mwenzake wa darasani ameikuta. Nilifuta makala 63 wiki hiyo. Baadhi yake ndizo zilizokuwa zikilipa. Tangu hapo naandika kuhusu sheria za mikopo ya elimu, vifaa vya shule na masuala ya afya kwa kuwahoji wataalamu, kipato kimepungua, na ninalala.

Kuna na jambo la upweke ambalo wanaume wa jukwaa hili hawalitaji. Unaweza kuzungumza na watu elfu kumi kwa siku na usifungue mdomo hadi jioni. Matusi nayo huyasomi ukiwa ofisini pamoja na wenzako wa kukuchekesha. Unayasoma jikoni, peke yako, na simu ileile ya matusi ndiyo unayopokelea kazi, kwa hiyo huwezi kuizima.

#5 – Mleta mada

Dada, nakushukuru sana, na nakiri kwamba hilo la malighafi sikulifikiria kabisa. Wanaonitukana mimi ni wale wanaobishana kuhusu aina ya grisi, na hata hao wakati mwingine wana hoja.

La upweke nimeligusa kwa njia nyingine, yaani kutokuwa na saa ya kutoka kazini. Andrew Sullivan, aliyeanza blogu yake mwaka 2000, ni mfano unaonifundisha mambo mawili kwa pamoja. Mwaka 2013 aliitoa blogu hiyo, The Dish, kwenye chombo kikubwa alichokuwa nacho, akaacha matangazo na kuwaomba wasomaji walipe dola 19.99 kwa mwaka, na walilipa kwa maelfu. Kwa upande wa fedha aliwaonyesha wengi kwamba inawezekana. Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa 2015, aliacha, na sababu alizotoa zilihusu afya na uchovu wa kuandika mara nyingi kila siku bila kukatika kwa miaka 15. Jason Kottke naye aliacha kazi mwaka 2005 ili aishi kwa michango ya wasomaji wa blogu yake, akaufunga mchango ule baada ya mwaka mmoja, kisha akarudi kwa mfumo wa uanachama mwaka 2016. Mwaka 2022 alipumzika kwa karibu miezi saba, na wanachama wake wengi wakaendelea kulipa. Nilipolisoma hilo ndipo nilipothubutu kuwaandikia wachangiaji wangu kwamba mwezi mmoja kila mwaka sitaandika. Waliojiondoa walikuwa wanne.

Kabla ya hapo niliamini kwamba nikikaa siku tatu bila kuchapisha, kila kitu kitaporomoka. Nilikwenda mazishini na kompyuta begani.

Kuhusu mikataba, nami nina kisa, kifupi kuliko chako. Kampuni moja ya pampu za baiskeli ilinipa fedha niandike tathmini, na sharti mojawapo lilikuwa nisiseme kwamba nimelipwa. Marekani, tume ya biashara ilikwisha kulisema jambo hili wazi tangu mwaka 2009, kwamba mwanablogu aliyelipwa au kupewa bidhaa anapaswa kumwambia msomaji, na nchi nyingi zina kanuni za namna hiyo. Hata pasipokuwa na kanuni, mimi sina kingine cha kuuza isipokuwa imani ya msomaji kwamba pampu ninayoisifu inajaza upepo. Nilizirudisha fedha. Nisijifanye shujaa, kwa sababu mwezi huo ulikuwa Novemba na nilikuwa na akiba. Ingekuwa Februari, sijui ningeandika nini.

#6 – Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mimi ni yule kijana anayezungumziwa. Nina blogu ya miaka miwili kuhusu utunzaji wa ala za muziki, nimeajiriwa, na mapato ya blogu yanafikia karibu theluthi moja ya mshahara. Mleta mada, kaka yangu, naomba unijibu bila kuzunguka: niache kazi au nisiache? Na swali la pili, kama ungepewa ajira leo, ungerudi?

#7 – Mleta mada

Mdogo wangu, kwa theluthi moja usiache. Lakini usisubiri tu namba iwe kubwa. Itazame namba hiyo imetoka wapi. Chukua miezi 12 kamili, Januari ikiwemo, kisha ufute kwa kalamu chanzo kimoja kikubwa kuliko vyote, iwe ni injini ya utafutaji, kampuni moja ya matangazo au mdhamini mmoja, na uone kama kilichobaki kinalipa pango na chakula. Mimi ningefanya zoezi hilo mwaka ule, ningegundua kwamba makala mbili zilizotegemea mlango mmoja zilikuwa zikileta zaidi ya nusu ya kila kitu. Halafu uwe na akiba ya miezi 6 ambayo haimo katika hesabu ya blogu, na ujue mapema kwamba hakuna atakayekukata kodi, bima wala mafao. Hizo ni fedha ambazo mshahara wako wa sasa unazilipa bila wewe kuziona, kwa hiyo blogu inayolingana na mshahara bado iko chini yake.

Anza kukusanya anwani za barua pepe leo, hata kama ni watu 40. Hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lako, na nakala rudufu ikae mahali pengine mbali na seva. Kwa ala za muziki, ushauri wangu ni kwamba usihangaike na maswali ambayo jibu lake ni sentensi moja. Andika yale yanayohitaji mkono uliowahi kuikaza ngozi ya ngoma ikapasuka.

Swali lako la pili lina jibu la karibuni. Mwaka jana nilipewa nafasi katika kampuni inayotengeneza vipuri, niwaandikie vitabu vya maelekezo kwa mshahara wa kudumu. Nilikaa na barua ile kwa wiki mbili. Kilichonizuia hakikuwa mapenzi ya uhuru, kwani uhuru wa kwenda mazishini na kompyuta sijui kama unastahili jina hilo. Nilipiga hesabu nikaona kwamba nikiziacha zile makala 400 bila mtu wa kuzipitia, katika miaka miwili zitakuwa zimejaa viungo vilivyokufa na vipimo vilivyopitwa na wakati, na mtu fulani atakaza boliti kupita kiasi kwa sababu yangu. Sikutaka kuziangalia zikioza huku jina langu likiwa juu yake.

Niliwajibu kwamba siji kwa sasa, nao wakasema nafasi kama hiyo hutokea karibu kila mwaka. Nimejiwekea kipimo ambacho nimemwonyesha mke wangu ili nisije nikakibadilisha mwenyewe: wachangiaji wa kila mwezi wakishuka chini ya 600 ifikapo mwisho wa Machi, nitawaandikia tena. Leo asubuhi walikuwa 641. Mwezi uliopita walikuwa 655.